Nauli ya Mtoto Isisubiri Rambirambi

Hotuba ya Kamati ya Fedha, iliyosomwa na Mweka Hazina katika hafla ya harambee ya mwaka



Wageni wetu tunawakumbusha kwamba hapa tunazungumzia Nyakato ya Musoma. Ile ya Mwanza ina wenyewe, na kila mwaka kuna mzigo wetu mmoja wa basi unaoshushwa huko kwa makosa.

Kwa kawaida Kamati ya Fedha hupewa dakika kumi za kusoma mapato na matumizi, huku watu wakichungulia kama pilau imefika. Mwaka huu tumeomba muda zaidi. Mahesabu yaliyokaguliwa yamo kwenye kijitabu hiki, kila mmoja atayasoma kwa nafasi yake. Sisi tunataka kuzungumzia maingizo mawili tu, ya miaka michache iliyopita, ambayo mpaka leo tukiyafungua hatuna raha.

Ingizo la kwanza ni mchango wa nauli ya mgonjwa. Ulifunguliwa Jumatatu jioni kwenye kundi letu la WhatsApp. Zilihitajika shilingi 350,000 za kukodi gari kwenda Mwanza. Hadi Alhamisi usiku zilikuwa zimeingia 210,000. Ingizo la pili ni rambirambi. Ulifunguliwa Ijumaa asubuhi, na kabla jua halijazama zilikuwa zimeingia 1,940,000. Maingizo yote mawili yanamhusu mtoto mmoja. Kila shilingi ina kumbukumbu yake, na mkaguzi hakuona kasoro. Kasoro tunaiona sisi.

Wazazi wake wameturuhusu tusimulie bila kutaja majina. Alikuwa mvulana wa miaka minne. Aliharisha siku tatu, akapona, watu wakasahau. Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, akaanza kulalamika miguu inauma na kutaka kubebwa kila anapokwenda. Mama yake alidhani anadeka, kwa sababu mdogo wake alikuwa ametoka kuzaliwa. Ijumaa akapelekwa kituo kimoja cha afya, akapimwa malaria, akapewa dawa, wakaambiwa warudi baada ya siku tatu. Jumamosi hakuweza kusimama. Jirani akasema ni sindano imegonga mshipa. Baba yake mdogo akasema kuna mkono wa mtu. Jumapili mtoto akachanjwa chale. Jumatatu mikono ikalegea, sauti ikawa ndogo, uji ukawa unampalia. Waliporudi kituoni mhudumu mwingine alishtuka, akalaza mtoto, akasema huyu anahitaji kuwa karibu na mashine ya kupumulia.

Hapo ndipo baba yake alipoandika kwenye kundi. Wengi tuliandika "pole sana" na "Mungu atamponya". Wachache walituma elfu tano, elfu kumi. Kwenye akaunti ya chama siku hiyo zilikuwepo shilingi milioni sita za mabati ya darasa. Katiba yetu ilisema fedha hazitoki bila kikao na saini tatu, na mwenye saini ya tatu alikuwa safarini. Sisi wa fedha tulifuata kanuni. Mtoto alifariki Ijumaa alfajiri kwa kushindwa kupumua.

Hatujaja kulaumu kituo wala baba mdogo. Tukianza kulaumu, tutaanza na sisi wenyewe. Tumekuja kueleza tulichojifunza tangu siku ile kwa wauguzi na madaktari wana-Nyakato, halafu tuseme tunaomba fedha za nini.

Mtoto huyo hakufika kwenye vipimo, lakini kila daktari tuliyemsimulia alitaja jina lile lile: ugonjwa wa Guillain-Barré, unaotamkwa kama "Giyan-Bare". Hayo ni majina ya madaktari wa Ufaransa, Georges Guillain na Jean-Alexandre Barré. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wao na mwenzao André Strohl waliandika habari za askari wawili walioishiwa nguvu miguuni na mikononi, kisha wakapata nafuu. Walipopima maji ya uti wa mgongo walikuta protini imepanda, ila chembe zinazoonyesha uambukizo hazikuongezeka. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme: ina uzi wa ndani unaopitisha taarifa, na ganda la nje. Mwili nao una walinzi wake, yaani kinga. Mtoto akiharisha au akipata mafua, walinzi wanatoka kumsaka kijidudu. Kwa watu wachache, vijidudu vingine vina sura inayofanana na sehemu ya mishipa ya fahamu. Ni kama sungusungu waliomkimbiza mwizi usiku wakamkosa, halafu wakakutana na mwenye nyumba aliyevaa shati linalofanana na la mwizi. Wanampiga mwenye nyumba. Ganda la mishipa linaharibika, pengine hata uzi wa ndani, na taarifa kutoka kwenye ubongo hazifiki miguuni, baadaye mikononi, baadaye kwenye misuli ya kumeza na kupumua.

Karibu wagonjwa wawili kati ya watatu huwa waliharisha au waliugua njia ya hewa ndani ya wiki sita zilizotangulia. Kijidudu kinachotajwa zaidi kinaitwa Campylobacter jejuni. Kinapatikana kwenye nyama ya kuku isiyoiva, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Sisi ni watu wa maziwa na watu wa ziwa, kwa hiyo tunaelewana. Kupooza kwenyewe hakuambukizi, na hakuna aliyekutupia.

Ni ugonjwa adimu. Makadirio ya dunia ni mtu mmoja hadi wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na kwa watoto ni pungufu ya hapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 katika Mkoa wa Mara. Kwa hesabu za kihasibu tu, hiyo ni kama watu 20 hadi 40 na kidogo kwa mwaka mkoa mzima, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona hata mmoja, na tusimshangae akianza na malaria. Wala siyo ugonjwa wa Wazungu. Kaskazini mwa nchi yetu umefanyiwa utafiti: mwaka 1996 Dakta William Howlett wa KCMC, Moshi, na wenzake walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa huko na wale wa magharibi mwa Norway.

Mtoto mdogo hawezi kusema "nimeishiwa nguvu". Anasema kwa njia nyingine. Anakataa kutembea wakati wiki iliyopita alikuwa anakimbia. Anataka kubebwa. Analia akiguswa miguu au mgongo, hasa usiku. Anajikwaa, anashindwa kupanda ngazi, anashindwa kuinuka chini bila kushika kitu. Udhaifu uko miguu yote miwili, na unapanda. Sura inaweza kulegea, macho yasifumbe vizuri, sauti ikawa ya puani. Kwa kawaida hana homa siku hizo. Na daktari akigonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu haurushwi. Nyundo hiyo haihitaji umeme wala maabara.

Wazee watasema: mbona kupooza kwa watoto kuna mambo mengi? Ni kweli, na sisi watu wa Mara tunayo sababu ya kulijua hilo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime watu 39, wengi wao watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, walipooza miguu ghafla. Madaktari walifika, wakachunguza, na mwaka 1990 habari zao zikachapishwa katika jarida la kitaalamu la Brain. Haukuwa Guillain-Barré. Ulikuwa konzo, jina lililotoka Kongo, unaosababishwa na sumu ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha kwa sababu ya njaa. Miguu ya mwenye konzo inakakamaa, inakaza, anatembea kwa vidole. Miguu ya mwenye Guillain-Barré inalegea kama kitambaa kilicholowa. Konzo ikishapiga haiendelei kupanda siku kwa siku, lakini ulemavu wake unabaki. Guillain-Barré inapanda kwa siku kadhaa hadi wiki nne, halafu inasimama, halafu inarudi nyuma. Konzo inazuiwa jikoni, kwa kuloweka na kukausha muhogo mpaka mwisho. Guillain-Barré inapiganiwa hospitalini.

Kuna mengine ya kutofautisha. Polio mara nyingi huja na homa na hulegeza upande mmoja kuliko mwingine. Sindano iliyopigwa vibaya kwenye tako hulegeza mguu ule ule mmoja, na mara tu baada ya kuchomwa. Kinga ikiushambulia uti wa mgongo wenyewe, miguu inakufa ghafla na mkojo unaziba. Upo pia ugonjwa wa kinga unaolegeza kope na kumeza, ukizidi jioni na kupungua asubuhi. Kazi ya kutenganisha haya ni ya daktari. Yetu sisi ni moja: mtoto aliyekuwa anatembea akiacha kutembea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kipimo cha malaria kikionyesha malaria. Kwetu mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na kingine kikawa ndicho kinachomuua.

Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea viungo ghafla, kituo kinatakiwa kutoa taarifa, na choo chake kinachukuliwa mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee. Akija ofisa na kisanduku cha barafu, msimfiche mtoto na msifikiri anamtangazia polio. Anahakikisha kwamba siyo polio. Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015, na mwaka 2023 kirusi cha polio kilichotokana na chanjo, aina inayosambaa pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kilipatikana Rukwa. Kilijulikana kwa sababu mtoto aliyelegea aliripotiwa. Kwa hiyo tuendelee kuwapeleka watoto wetu chanjo bila kukosa.

Jambo lingine linalotuchelewesha ni hofu ya kutobolewa mgongo. Kwetu watu husema aliyechomwa mgongo haponi. Wanaona hivyo kwa sababu wengi hupelekwa wakiwa wameshazidiwa. Sindano ile huingia chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha, na huchukua maji kidogo tu. Wiki ya kwanza majibu yanaweza kuwa ya kawaida, hivyo daktari akiomba kurudia, hakosei.

Sasa tuje kwenye matibabu, na hapa tutazungumza kihasibu.

Tiba ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni kuhesabu pumzi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Hatari haitangazi. Mtoto anaweza kuwa mtulivu kwa sababu hana nguvu ya kulia. Anayejua kuhesabu anaambiwa ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, asubuhi na jioni. Jana alifika 18, leo 11, kesho 6: huyo asingoje kesho kutwa. Kwa mdogo tunaangalia kilio chake kama kimekuwa chembamba, kikohozi kama hakina nguvu, mate kama yanajaa mdomoni. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila oksijeni huwa ya mwisho kushuka, kwa hiyo kisitudanganye. Anayepaliwa asilazimishwe uji, apewe kwa mrija. Mapigo ya moyo na presha viangaliwe, maana navyo huyumba. Mtoto ageuzwe asipate vidonda.

Tiba ya pili ni dawa ya kuituliza kinga. Inaitwa imunoglobulini, na inatengenezwa kutokana na maji ya damu ya maelfu ya wachangiaji. Kipimo chake ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, zikigawanywa kwa siku kadhaa. Mtoto wa kilo 15 anahitaji gramu 30, yaani chupa sita za gramu 5. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji chupa 24. Hata hizo sita gharama yake inakwenda kwenye mamilioni, na haipatikani kila mahali. Inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili tangu udhaifu uanze. Njia mbadala ni kuichuja damu kwa mashine na kubadilisha maji yake. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba njia hizo mbili zinalingana kwa matokeo, na kuzifanya zote hakuongezi faida. Dawa za steroidi, zile vidonge ambazo wengi wetu huziomba kwa kila uvimbe, hazisaidii Guillain-Barré. Tusimshinikize daktari.

Wenzetu wa nchi zenye kipato kama chetu wanatafuta njia ya bei nafuu. Huko Dhaka, Bangladesh, watafiti walichapisha mwaka 2018 jaribio la kubadilisha maji ya damu kidogo kidogo kwa vifaa rahisi, bila mashine kubwa. Lilikuwa la wagonjwa 20, watu wazima, na lililenga kuona kama njia hiyo ni salama na inawezekana. Gharama ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya imunoglobulini. Bado siyo ya kuomba zahanati, na haikujaribiwa kwa watoto wadogo, lakini tunaitaja ili ijulikane kwamba masikini wenzetu hawajakaa kimya.

Habari njema ni kwamba watoto wengi wanaovuka wiki zile mbaya wanarudi kutembea, na hupona vizuri kuliko watu wazima. Huchukua wiki, mara nyingi miezi. Mishipa inajitengeneza polepole, na mazoezi ya viungo yanazuia misuli isikauke na nyayo zisipinde. Hapo ndipo familia nyingi huchoka, kwa sababu kila zoezi ni nauli.

Mwaka jana tulipata mtoto wa pili. Binti wa miaka sita, naye aliacha kutembea baada ya kuharisha. Mama yake alikuwa amehudhuria ule msiba wa kwanza, na pale msibani muuguzi mmoja mwana-Nyakato aliwaeleza akina mama waliokaa kwenye mikeka haya haya tunayoyasema hapa. Mama huyo hakusubiri. Alikwenda na binti hospitali siku ile ile ya pili, akawaambia, "Miguu yote miwili, na aliharisha wiki iliyopita." Wakagonga goti, halikurusha. Alitupigia saa nne usiku. Wanachama wanne walitoa fedha mifukoni mwao usiku huo, kinyume cha kila kanuni, na chama kikawarudishia baadaye. Alfajiri gari lilikuwa limeshapita Bunda, na kabla ya saa nne asubuhi binti alikuwa kitandani kwenye hospitali ya rufaa Mwanza, zaidi ya kilometa 200 kutoka nyumbani.

Imunoglobulini hakuipata. Familia haikuweza, na sisi hatukuweza. Alichopata ni watu waliomhesabia pumzi usiku na mchana, mrija wa kulishia kwa siku tisa, na mtaalamu wa viungo. Kwa bahati hakufikia mashine. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano akiwa amebebwa mgongoni. Miezi minne baadaye alikwenda mwenyewe dukani kununua chumvi, na mama yake alitupigia simu kutueleza habari ya chumvi.

Hatusemi kwamba kila mtoto akiwahi atapona, wala kwamba nauli ni dawa. Mtoto wa kwanza angeweza kuondoka hata kama angefika. Tunachosema ni kwamba hatukumpa nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa ya shilingi 140,000 zilizopungua.

Kwa hiyo mwaka huu Kamati inaomba kuanzisha Mfuko wa Dharura wa Watoto wenye shilingi 12,000,000. Mchanganuo wake ni huu:

Nauli ya kukodi gari la rufaa, safari 20 kwa shilingi 350,000: shilingi 7,000,000.
Chakula na malazi ya msindikizaji, safari 20 kwa 100,000: shilingi 2,000,000.
Mchango wa bima ya afya kwa kaya 60 zisizojiweza, kwa 30,000 kwa kaya: shilingi 1,800,000.
Vipima oksijeni vya kidoleni 10, kwa 60,000: shilingi 600,000.
Nauli za mazoezi ya viungo kwa watoto waliorudi nyumbani: shilingi 400,000.
Nyundo ndogo za kugongea goti 10, kwa 20,000: shilingi 200,000.

Vifaa vitakabidhiwa kupitia kwa Mganga Mkuu, ili viingie kwenye orodha ya mali ya vituo na visiishie majumbani. Na Mfuko hautakuwa wa Guillain-Barré pekee. Mtoto mwenye degedege lisilokoma, aliyeungua moto, anayeshindwa kupumua kwa nimonia, wote ni wetu. Hatuahidi kununua imunoglobulini, kwa sababu mtoto mmoja angeweza kumaliza sehemu kubwa ya Mfuko na kuwaacha kumi bila gari. Uamuzi huo ni mgumu kwetu, na tunauweka wazi mbele yenu ili tuubebe pamoja.

Namna ya kuutoa tumeiazima kwa serikali na wadau wake. Mnajua mpango wa m-mama, ule wa kupiga 115, ulioanzia huku huku Kanda ya Ziwa: mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa jamii aliyesajiliwa anaitwa na analipwa kwa simu. Ni mpango mzuri, lakini mtoto wa miaka minne hayumo. Sisi tunaomba kuziba pengo hilo kwa watoto wetu. Tutakuwa na orodha ya madereva wetu waliokubali bei mapema. Fedha zitakaa kwenye akaunti ya simu iliyo peke yake, isiyochanganywa na mabati. Watakuwepo watia saini watano, na wowote wawili wakikubaliana kwa simu, fedha inatoka ndani ya saa mbili, mchana au usiku, isiyozidi 450,000 kwa safari. Risiti zitaletwa ndani ya siku saba. Kila robo mwaka mtapata taarifa kwenye kundi.

Tunajua kuna watakaouliza: kanuni za saini tatu ziliwekwa kuzuia wizi, leo mnazilegeza? Ni swali la haki, na sisi ndio tuliozitetea kuliko wote. Jibu letu ni kwamba udhibiti mzuri unaangalia pia hasara ya kuchelewa. Kwa kiwango kile kidogo, tukiibiwa mara moja tutamjua aliyeiba na tutamdai.

Kabla hatujakaa, tunaomba kila mmoja aondoke na haya matano na ampigie simu dada, mama au shangazi aliyeko nyumbani leo usiku. Mtoto akiacha kutembea ghafla, hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu kama aliharisha au aliugua mafua wiki zilizopita. Omba agongwe goti. Angalia sauti, kumeza na pumzi asubuhi na jioni. Na piga simu ya Mfuko kabla ya kuanza kuchangishana.

Ndugu zetu, sisi wana-Nyakato hatuna ubahili. Rambirambi ile ya siku moja inathibitisha. Fedha ipo, na upendo upo. Tunaomba tu vitangulie mbele kidogo. Fomu za ahadi ziko mezani kwenu, na Kamati itapita. Anayeahidi laki aahidi laki, anayeahidi elfu kumi aahidi elfu kumi, mradi iwe imeingia kabla mvua za masika hazijaanza, maana ndio msimu wa kuharisha.

Mungu awalinde watoto wetu, aibariki Nyakato na Mara yote. Pilau imefika.